Fonti ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumepewa projekti ya mwisho. Wiki nne tu! Mwalimu wa usanifu aliandika neno moja ubaoni — NYUMBANI — akasema tutengeneze kitu cha kidijitali kinachotokana na neno hilo. Filamu, katuni, mchezo wa simu, chochote. Maonyesho Jumamosi ya tarehe 29, na tualike familia. Akatoka. Dakika saba darasani, nilitazama saa.

Kelele zilizofuata! Yule wa dawati la mbele anatengeneza mchezo: mama anakutuma dukani vitu vitano, ukisahau kimoja unarudishwa mwanzo. (Nitaucheza.) Watatu wa nyuma wanafanya podikasti ya watu walioachana. Nyumbani iko wapi hapo? Wanasema itajulikana mbele ya safari.

Mimi — tupu. Kichwa kama flashi mpya.

Betri anapiga filamu. Betri ni rafiki yangu. Jina alilipata kwa sababu mdomo wake hauishi chaji. Filamu ya nini? Hajui. Amesema wewe fanya kitu, mimi nitakupiga ukikifanya. Ndio ushirika wetu tangu mwaka wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, nikainua macho, nikaona kibao: FUNDI SAA. Herufi za njano, kivuli chekundu. Kazi ya Baba. Nimekipita kibao hicho miaka yote na leo ndiyo nimekiona. S yake imekaa kama mtu aliyejiegemeza ukutani. Nikasema — nitatengeneza fonti. Herufi za mkono wa Baba, ziingie kwenye kompyuta, mtu yeyote aandike nazo.

Baba ni mwandika vibao. Siku hizi kazi si nyingi. Watu wanapenda mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Mabango hayo hayo ninayojifunza kuyasanifu chuoni. Hatuzungumzii jambo hilo nyumbani.

Jioni nikamweleza. Akauliza, fonti ni mdudu gani? Nikamwonyesha kwenye laptopu.

"Kwa hiyo mtu atabonyeza, mkono wangu utatokea?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Akacheka sana. Kisha akatoka nje, akakaa na makopo yake ya rangi mpaka chai ikapoa. Amefurahi au ameumia? Sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza. Karatasi kubwa nyeupe, rangi nyeusi, brashi yake bapa. Nikamwambia Baba aniandikie herufi zote, A mpaka Z, moja moja. Betri na kamera yake pembeni.

Baba akaitazama karatasi. Akaipangusa brashi ambayo ilikuwa safi.

"Za kazi gani?"

"Za fonti, Baba. Herufi tu. A, B, C…"

"Nimesikia. Nauliza kazi gani. Kinyozi? Gereji? Herufi ya kinyozi siyo herufi ya duka la dawa. Mimi siandiki herufi, mwanangu. Naandika vibao."

Betri karibu aangushe kamera kwa furaha. Msanii huyo! Nikasema basi, fanya unavyotaka.

Akaandika KINYOZI. FUNDI SAA. USIEGESHE HAPA. VIPURI. CHAKULA TAYARI. DUKA LA DAWA. GEREJI. MABATI. Hakutazama popote, mkono unateleza tu. Ile fimbo yake ya kuegemeza mkono hakuigusa hata mara moja.

Nimezikata zote kwenye laptopu. Ishirini na nne! Zimekosekana Q na X tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi kwa Baba kuomba Q na X. Baba akasema mteja wa Q hajawahi kumpata maisha yake yote. Tukacheka. Akasema, nichoree kwanza nione unaitaka vipi. Nikachora kwa kalamu. Akaitazama, akaigeuza karatasi kidogo, akaichora kwa brashi — ikatoka Q yenye mkia kama wa paka anayejinyoosha. Nzuri kuliko zote!

Nikamchorea X. "Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo ya kukosa."

Betri alicheka hadi kamera ikatikisika. Mimi pia. Mama alikuwa anakamua nguo karibu na mlango. Hakucheka. Alisimama na shati mkononi, maji yanachuruzika miguuni kwake, anamtazama Baba.

Labda hakusikia.

Jumatano, 12 Machi

Fonti inaandika! Nilipobonyeza herufi ya kwanza nilipiga kelele, mtu wa maktaba akaninyooshea kidole mlangoni. Nikatoka na laptopu yangu nikicheka peke yangu kama kichaa.

Nyumbani nikaandika kwa haraka maneno ya kichwa cha maonyesho, KARIBU NYUMBANI, yakajaa kioo kizima. Baba akavuta kigoda. Akasoma — hapana, akatazama — kwa muda mrefu. Akasema Y na N hazipumui, zisogeze. Nikazisogeza. Kidogo tena. Hapo. Mguu wa R umezidi. Hapo. "Sasa imekaa. Safi kabisa, usiiguse tena."

Mama akapita na ndoo. "NYUBMANI ndiyo wapi?"

Nilikuwa nimekosea! M na B nimezigeuza. Tulicheka. Baba naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Alimtazama Mama kwanza, ndipo akacheka.

Mtu anayeona unywele mmoja kati ya Y na N, haoni B iliyokaa mahali pa M? Nafikiri alikuwa anatazama maumbo tu. Wasanifu ndivyo walivyo. Hata Mwalimu anasema ukitaka kuona nafasi, usisome.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Baba. Akanipa. "Nisomee, miwani nimeiacha kazini."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Nikamwambia, si hiyo hapo? Akaishika, akasema, aah, hii ya mbali.

Ana miwani mbili? Tangu lini?

Jumapili, 16 Machi

Leo hakuna kazi. Nimesukwa na Betri huku tukitazama tamthilia — sehemu nne mfululizo. Mhusika mkuu bado hajui kuwa mumewe ana mke mwingine, na mtaa mzima unajua. Nilimpigia kelele kwenye kioo: fungua macho, mama! Betri akanivuta nywele, tulia.

Betri ana wazo. Kesho ataacha kamera kwenye karakana ya Baba, juu ya stendi, ipige picha moja kila sekunde tano. Ukiziunganisha, saa tatu zinapita kwa dakika moja na nusu. Kibao kinazaliwa mbele ya macho yako kama ua linavyochanua. Baba amekubali. Amesema bora tu hiyo kamera isiguse rangi zake.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandike vipi.

Betri aliniita chumba cha kuhariri saa nne asubuhi. Sauti yake haikuwa ya kawaida, haikuwa na utani. Akasema kaa. Akabonyeza.

Mwanzo: Baba anapaka ubao rangi nyeupe. Anaingia mteja, mwanamume mwenye kofia. Anaongea, mikono inakwenda juu na chini. Baba anaitikia kwa kichwa. Mteja anaondoka. Ubao umekauka. Baba anapiga mistari ya chaki. Anachanganya bluu. Anakaa.

Anakaa tu.

Anasafisha brashi. Anapanga makopo. Anayapanga upya. Anasimama mlangoni, anatazama njia. Anakaa. Kivuli cha dirisha kinatambaa sakafuni kutoka mguu wa meza mpaka ukutani. Ubao mweupe, mistari ya chaki, hakuna neno. Nikadhani kamera imekwama, lakini yeye anatikisika — anainuka, anakaa, anainuka.

Kisha Mama anaingia na kapu lake. Wanaongea. Mama anachukua kipande cha boksi, anaandika kitu kwa kalamu ya risasi, anakiegemeza juu ya kopo. Na Baba anaanza! Papo hapo. Jicho kwenye boksi, jicho kwenye ubao, kwenye boksi, kwenye ubao. Kibao kinamalizika haraka kuliko macho. VIFAA VYA UMEME.

Betri alirudisha nyuma. Akaonyesha tena. Kwa kawaida, ukikaa naye karakana, huoni kitu. Mtu anapumzika, mtu anasubiri rangi ikauke. Ukiharakisha ndiyo unaona.

"Alimsubiri mama yako saa moja na nusu," Betri akasema.

Nikamwambia labda alichoka.

Betri akabonyeza tena. 

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda chuo. Nimesema kichwa kinauma, na siyo uongo.

Nina miaka ishirini na moja. Nimeishi naye nyumba moja. Ripoti zangu za shule alizishika kwa mikono miwili, akazitazama juu mpaka chini, akasema "vizuri sana, mwanangu". Mara moja nilikuwa wa mwisho kasoro wawili. Alisema vizuri sana. Nilidhani ni upole!

Gazeti la Jumapili — analikunjua, analikunja. Maandishi ya dawa — "Mama yako anajua dozi." Vibao vya basi — anauliza kondakta hata kama kibao kiko usoni pake. Nilidhani anapenda kuongea na watu.

Au namsingizia? Anaweza vipi mtu kuandika mji mzima na asiusome?

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza Mama. Tulikuwa tunakunja mashuka, kila mmoja upande wake, ndiyo nikapata ujasiri kwa sababu shuka lilikuwa katikati yetu.

Hakushtuka. Akauliza, "Umeanza kuona lini?" Kama mtu anayeuliza umeanza kukohoa lini.

Amemwandikia miaka ishirini na mitatu. Tangu uchumba. Baba alipelekwa kwa mjomba wake, fundi rangi, akiwa na miaka tisa. Mjomba alimfundisha mkono, hakumfundisha maana. Maneno yanayorudi kila siku ameyakariri kama sura za watu: kinyozi anamjua, gereji anaijua. Neno jipya linahitaji Mama. Siku za nyuma, wateja wenyewe walikuwa wanamwandikia, yeye akiwaambia: "Niandikie hapa, nisije nikakosea jina la biashara yako." Wanaona huyu fundi makini!

Nikauliza kwa nini hakujifunza. Mama akavuta shuka, akanikazia macho.

"Alijifunza. Mwaka ulipoingia darasa la kwanza. Ukiwa nje unacheza anafungua daftari lako, anafuatisha. Akafika mbali. Siku moja akajaribu kukusomea kitabu chako cha hadithi. Palipoandikwa mbuzi, akasoma mbuni."

Mama anasema mimi ndiye niliyecheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakimbia nje kuwaambia wenzangu — Baba yangu hajui kusoma!

"Ulikuwa na miaka saba," Mama akasema. "Hakukasirika. Alicheka na wewe. Ila daftari hakulifungua tena."

Sikumbuki. Nimekaa hapa na kalamu najaribu kukumbuka, hakuna kitu. Hata mbuni, hata mbuzi. Ningekumbuka basi ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Sasa naombaje msamaha wa kitu kisichokuwemo kichwani mwangu?

Mama amesema nisimwambie kuwa najua. "Mwache na heshima yake." Sawa. Lakini heshima gani hiyo, ya kukaa saa moja na nusu ukitazama njia?

Jumamosi, 22 Machi

Nimegombana na Betri. Vibaya.

Anataka kipande cha kusubiri kiwe katikati ya filamu. Amesema hiyo ndiyo hadithi yenyewe, fonti ni mapambo. Nikamwambia ni baba yangu, siyo hadithi. Akasema hajaandika popote kwamba baba yako hajui kusoma — ni mtu amekaa tu, mwenye macho ataona. Nikamwambia ndiyo hicho ninachokiogopa, wenye macho!

"Na wewe unaona aibu ya nani," akasema, "yake au yako?"

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Alasiri amenitumia ujumbe: nimekata. Neno moja zaidi: nimelia. Kisha picha ya paka aliyevaa kofia. Sikujua nijibu lipi kati ya hayo matatu. Nimejibu paka.

Jumanne, 25 Machi

Balaa jipya!

Mwalimu ameona fonti. Ameipenda — amekaa na ile Q kama dakika tano. Akasema mzee mwenyewe aje siku ya maonyesho, akae na brashi na ubao, aandike majina ya wageni papo hapo. Nikasema Baba ana kazi nyingi. Mwalimu akasema mpigie. Nikasema simu yake mbovu. Mwalimu akacheka, akasema basi muulize jioni.

Nilimuuliza jioni huku nikiomba akatae. Nikaweka chumvi: watu watakuwa wengi, Baba, majina magumu magumu, ya kigeni, utachoka.

"Nitakuja," akasema. Hata kijiko hakukiweka chini.

Mama alinitazama. Mimi nikamtazama Mama. Baba akaendelea kunywa chai.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekata vikaratasi mia moja. Nimenunua kalamu kumi. Nimechapa tangazo kwa fonti yenyewe: ANDIKA JINA LAKO HAPA, MPE FUNDI. Litakuwa mbele ya meza, kubwa, hakuna atakayeweza kupita bila kuandika. Mpango safi.

Maelezo ya ukutani nimeyaandika mara nne. "Baba yangu ameandika mji huu." Kila neno nikilisoma naona lina maana mbili. Mwalimu anataka maneno mia na hamsini. Nimempa sitini.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi. Viatu bado nimevaa.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa zaidi.

Baba alivaa shati jeupe! Fundi rangi, na shati jeupe. Mama alimfunga vifungo vya mikono. Walikaa nyuma ya meza pamoja, na mpango wangu ulifanya kazi vizuri mno. Watu waliandika vikaratasi, Baba akaandika majina. Foleni ilipita hadi nje, ikapita mchezo wa kutumwa dukani, ikawafunika wale wa podikasti kabisa. Wanafunzi walipiga picha majina yao kabla rangi haijakauka. Filamu ya Betri ilizunguka ukutani, nzuri, laini, bila kile kipande. Nikaanza kupumua.

Saa nane hivi akafika bibi mmoja, amekuja na mjukuu wake wa mwaka wa pili, lakini mjukuu alikuwa amepotelea kwenye michezo. Nikampa bibi kikaratasi na kalamu. Akanirudishia.

"Mimi sikusoma, mjukuu wangu." Akamgeukia Baba. "Nitakutajia, baba. Wewe andika."

Akataja jina lake. Refu. Jina la zamani ambalo sijawahi kulisikia.

Mama alikuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa. Nilitaka kuruka.  Baba ameshika brashi, rangi inataka kudondoka. Mwalimu amesimama pale pale. Watu ishirini kwenye foleni.

Baba akaweka brashi chini taratibu. Akasema — kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayosemea kuwa leo kuna joto —

"Hata mimi sikusoma, mama. Hebu tumtafute wa kutuandikia."

Watu wakaangua kicheko! Wote. Wanafunzi, Mwalimu, yule wa dawati la mbele. Mwalimu akaniinamia sikioni: "Baba yako ana utani mzuri, ona alivyomliwaza bibi." Walidhani ni utani! Alisema ukweli mbele ya watu thelathini na hakuna hata mmoja aliyeuamini.

Bibi peke yake hakucheka. Alimtazama Baba, akamshika kiganja juu ya meza, akakipigapiga.

Baba akanigeukia. "Njoo utuandikie."

Nikaandika. Herufi zikaenda upande. Nikamtazama usoni, nikidhani nitaona kitu. Alikuwa anatazama kikaratasi tu, kichwa kimeinama upande, kama anavyotazama siku zote. Akachovya. Akaandika jina la bibi kwa herufi ambazo hazikuwa na hofu yoyote. Bibi alilishika jina lake kwa pembe mbili, akaenda nalo polepole hadi mlangoni kwenye mwanga.

Hayo ya kwanza. Ya pili: njiani kurudi, Mama ametangulia kidogo, Baba akaniambia,

"Mbona kile kipande changu cha kukaa hamkukiweka?"

Nikasimama. Kipande gani?

"Cha kumsubiri mama yako. Siku ya vifaa vya umeme."

"Ulijua kamera bado inapiga? Nilidhani uliisahau."

"Ilikuwa na taa nyekundu, mwanangu. Mimi ni fundi rangi. Nyekundu naiona."

Akaendelea kutembea. Mimi nyuma. Kwa hiyo alikaa vile, mbele ya kamera, akijua? Angeweza kutoka. Angeweza kuizima, kuigeuza, kuifunika kitambaa. Alitaka nione? Au alikuwa anasubiri tu kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na taa nyekundu ikawaka, basi? Sikuthubutu kuuliza. Na Betri! Betri alikuwa sahihi au alibahatisha? Nimempigia. Hapatikani. Chaji, bila shaka.

Ya tatu: Mwalimu amempa Baba fomu. Chuo kinamtaka aje kufundisha wanafunzi mkono wa brashi, siku mbili kwa wiki, muhula mzima. Baba aliikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati jeupe.

Jumapili, 30 Machi

Fomu inatakiwa kesho asubuhi.

Baada ya chakula Baba aliifungua mezani, akainyoosha kwa kiganja. Akanisukumia. Hakutaja miwani, hakutaja mwanga. Alisema tu, "Nisomee yote kwanza, halafu tujaze."

Nikasoma. Jina. Anwani. Kazi. Miaka ya uzoefu. Kiwango cha elimu, taja shule na mwaka wa kumaliza. Wadhamini wawili. Sahihi.

Tukajaza jina. Kazi. Uzoefu — akasema weka arobaini na moja, tangu kwa mjomba. Nikafika kwenye elimu.

"Hapo paruke."

Nikaruka. Wadhamini: yule wa gereji na mwenye duka la dawa. Sahihi yake ni mchoro mzuri kuliko fonti nzima. Kisha hakukubaki kitu ila ule mstari mmoja mweupe.

"Sasa rudi pale," akasema.

Nikarudi. Mama alizima redio jikoni. Nilisikia redio ikizimwa.

"Ukiandika ukweli watanikataa?"

"Sijui, Baba." Na kweli sijui! Mwalimu angecheka tena? Angelia? Kuna ofisi juu ya Mwalimu, na juu ya ofisi kuna ofisi nyingine.

"Ukiandika uongo?"

"Hawatajua."

"Wewe utajua," akasema. "Na utakuwa umeuandika kwa mkono wako, siyo wangu."

Nikataka kumwambia kuhusu mbuni na mbuzi.  Badala yake nikasema, Baba, tunaweza kuacha wazi. Watu wengi wanaacha wazi.

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Akasema ngoja anawe mikono, ina rangi, asije akaichafua karatasi ya watu. Mikono haina rangi. Leo hajashika brashi.

Nasikia maji. Nimevuta daftari hili niandike wakati namsubiri, kwa sababu nisipoandika nitajaza ule mstari kabla hajarudi, na sijui nitajaza nini.

Bomba limefungwa.

Amerudi. Hakurudi kwenye kiti cha mbele yangu — amevuta kile cha pembeni, upande wa kalamu. Fomu ameisogeza kando. Anatazama mkono wangu unavyokwenda. Siachi kuandika, nikiacha itabidi nimtazame.

Ameuliza, "Hilo nalo ni fomu?"

Nimesema, ni daftari langu tu, Baba.

"Umeandika mambo gani humo?"

 Ameweka kidole kwenye ukingo wa ukurasa, hapa hapa, chini kidogo ya mstari huu. Kidole kimelowa, karatasi inaanza kujikunja.

Amesema, "Maliza huo. Halafu nisomee, tangu mwanzo."